Paka Aliyebaki Kasulu

Mama Odeta hunipigia simu Jumapili tu, akishatoka kanisani na kuvua viatu vya ibada. Kwa hiyo jina lake lilipotokea kwenye simu yangu siku ya Jumatano, mchana, nikiwa nimesimama jikoni nakoroga uji, nilijua kuna aliyekufa. Katika muda ule mfupi wa simu kuita nilishamzika yeye mwenyewe, maana simu ya marehemu hupigwa na ndugu. Nikamzika na dada yake Savera aliyeko Burundi. Nikawaza nitaomba ruhusa kazini kwa maneno gani, kwa Kijerumani changu hiki, na kama ile nguo yangu nyeusi bado inanitosha. Ndivyo nilivyo. Kisha nikapokea, nikasikia sauti yake ile ile ya kuitia wateja sokoni. "Ester, mwanangu. Uko mzima? Kaa kwanza. Paka wako amekufa." Nikageuka haraka kumtazama Wali. Alikuwa amejilaza juu ya lile bomba pana la kupashia chumba joto, chini ya dirisha, mkia unaning'inia, na nje ilikuwa inanyesha mvua nyembamba ya huku, ile isiyo na radi wala haraka. Alikuwa anapumua. Ndipo nikaelewa. Aliyekufa ni Maharage, ndugu yake, yule aliyebaki.

Sijafika umri wa kuandika kumbukumbu. Bado nina wasiwasi wote niliotoka nao chuoni, na mwingine nimeuokota njiani. Lakini wazee ninaowahudumia hapa Ujerumani, nikiwaosha asubuhi na kuwavisha soksi, hunisimulia kila mmoja mwaka wake mmoja. Wameishi miaka mingi sana, lakini anayesimulia huchagua mmoja tu na kuurudia kila siku, kana kwamba mingine yote ilikuwa ya kupita. Nikiwa navaa koti kwenda zamu ya jioni siku ile, nilijua wangu ni upi. Ni mwaka nilioishi kwa Mama Odeta, Kasulu, na paka wawili, nikijiandaa kuondoka mahali ambapo ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupazoea.

Mwaka huo ulianzia Kibondo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uuguzi na kupata mkataba mfupi katika zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wakati kambi yenyewe ikifungwa. Kazi ya kwanza maishani mwangu ilikuwa kuwaaga watu. Kila wiki mabasi yalikuja, wengine wakipelekwa kambi nyingine, wengine wakirudi kwao Burundi, na kila wiki chumba changu cha kupimia kilipungukiwa kitu: mara benchi, mara pazia, mara ile mizani ya kupimia watoto. Waliobaki walingoja wamesimama. Ukitoka nje uliona safu za nyumba za udongo zilizovuliwa paa, na juu ya kuta hizo paka wamekaa, wanatazama mlangoni kama wanaosubiri chakula. Nilijitahidi nisiwatazame. Nilikuwa najijua: nikishamtazama paka mmoja vizuri nitaanza kuwaza atakula nini, atalala wapi, na mvua ikianza je.

Bibi Generoza alikuwa mgonjwa wangu wa presha. Alikuja asubuhi moja, nikampima, presha ikawa juu, nikamwambia apumzike, akanicheka. "Kesho napanda basi, nesi. Nitapumzika humo." Kisha akanitazama. "Wewe unaishi peke yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Na panya?"

"Panya wapo."

"Basi huishi peke yako." Akafunua kitenge kifuani. Ndani kulikuwa na watoto wawili wa paka, mmoja mweupe, mwingine wa kahawia mwenye madoadoa, wamelala wamepeana migongo. "Mama yao alikwenda porini, hajarudi. Nao wa mabasi wamesema sufuria sawa, godoro sawa, kuku akifungwa miguu sawa. Akayabu, oya." Akayabu ndiyo paka kwa lugha yao, na oya ni hapana, nami Muha wa Kibondo sikuhitaji mkalimani.

Nikanyoosha mikono kuwapokea. Akawarudisha kifuani haraka, kama mtu aliyeona nataka kumwibia. "Chumvi iko wapi?" Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa namweleza habari za vidonge. Kwao paka hapewi mtu mikono mitupu. Ukimchukua bure hakai. Atakula kwako na moyo wake utabaki alikotoka. Lakini ukitoa chumvi kidogo, basi, ni wako, na aliyekupa hana tena neno naye. Nikakimbia chumbani kwangu, ng'ambo ya uzio, na njiani nikaanza kuhangaika: kidogo ni kiasi gani? Nikimletea kidogo mno, nitakuwa nimemdharau? Na ya mawe au ya unga? Nikaishia kumpelekea pakiti nzima. Bibi Generoza alicheka mpaka akashika ubavu. "Nesi, umenunua ng'ombe?" Akachovya kidole, akalamba, akafunga chumvi kidogo kwenye pembe ya kitenge chake, na pakiti akanirudishia. Halafu akaniwekea wale watoto mapajani. Kesho yake nilisimama nao karibu na basi, nikidhani atataka kuwaaga. Alipita mbele yangu, akanipa mkono, akauliza kama nimekunywa chai, na macho yake hayakushuka hata kidogo kwenye kile nilichobeba. Nilimwona mgumu wa moyo. Siku hizi nadhani alikuwa anatimiza upande wake wa mapatano.

Mkataba ulipokwisha nilihamia Kasulu, nikajitolea hospitalini huku nikisoma Kijerumani kwa simu, maana wenzangu wa chuo walishaanza kuondoka kwenda kufanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee Ujerumani, na mimi nilikuwa nimejaza maombi zaidi kwa hofu ya kubaki kuliko kwa hamu ya kwenda. Paka niliwapandisha basi ndani ya kiroba cha unga nilichokitoboa matundu. Nilishukia stendi, nikauliza chumba cha kupanga, nikaelekezwa kwa mama mmoja muuza maharage, nyumba ya nyuma ya soko. Nilimkuta ameketi barazani na ungo mapajani. Hakunitazama usoni. Alitazama mzigo.

"Hicho kiroba kinapumua."

"Ni paka, mama."

"Wangapi?"

"Wawili. Ni wadogo. Hawapigi kelele. Nitawasafisha mwenyewe, na kama..."

"Wametoka wapi?"

"Mtendeli. Mwenyewe ameondoka na basi."

Ungo ukatulia. "Ulitoa chumvi?"

Nilishtuka. "Nilitoa."

"Basi ingia, mwanangu. Mlango wa kulia. Unakwama, usukume kwa bega."

Jioni hiyo alipika wali na maharage kwa sababu nilikuwa mgeni; siku za kawaida, nilikuja kujua, kulikuwa na ugali wa muhogo, dagaa, na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese mpaka yakang'aa. Yule mweupe alilala juu ya kawa lililofunikia wali akaota joto. Yule wa madoadoa aliingiza uso wote kwenye bakuli la maharage, akatoka na sharubu za mchuzi. "Haya," Mama Odeta akasema, "wamejiita wenyewe."

Nyumba ile naikumbuka kwa sauti kuliko kwa macho. Haikuwa na dari, na kuta ziliishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo kilichosemwa chumba kimoja kilisikika vyumba vyote. Nilijua Mama Odeta anasali kwa lugha gani akiwa na shida na kwa lugha gani akiwa na shukrani. Naye alikijua Kijerumani changu. Nilikuwa nakaa kitandani na simu, narudia sentensi za kumuuliza mzee kama amelala vizuri na kama anahisi maumivu, na wanafunzi wenzangu walikuwa wale wawili. Wali alikaa mbele yangu, miguu pamoja, akinitazama mdomo. Maharage hakuwahi kumaliza somo. Alipita juu ya ukuta, akaruka upande wa pili kwenye stoo, akalala kwenye magunia. "Mwanafunzi wako ametoroka tena!" Mama Odeta alipaza sauti kutoka jikoni. "Amekuja kusoma biashara!"

Chumba changu kilikuwa cha kwenda na kurudi: kitanda, ndoo, dirisha la mbao lililofunguka kwenye ua, na harufu ya maharage makavu iliyokaa hadi kwenye sare zangu. Mambo yaliyonitesa humo hayakuwa ya kweli bado. Niliogopa kufeli mtihani wa lugha, kisha niliogopa kuufaulu. Niliwaza mzee wa huko akinifia mikononi nikakosa neno la kusema. Wakati kama huo Wali alipanda akanilalia kifuani. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hivi: mtu kama mimi huwaza mambo kumi kwa mpigo, lakini ukiwa na paka kifuani unawaza matatu tu, na moja kati ya hayo ni kwamba usijigeuze.

Kila Jumapili mchana Savera alipiga simu. Mama Odeta aliongea naye barazani kwa sauti kubwa, kama anayemwita ng'ambo ya bonde, kisha alinyamaza hadi jioni. Savera mwenyewe alinijia vipande vipande, tukiwa tunachambua maharage pamoja, yeye akitupa mawe upande mmoja na mimi nikiyatazama mara mbili kabla sijayatupa. Wazazi wao walikimbia Burundi zamani; Mama Odeta aliolewa Kasulu, akapata uraia, akawa mtu wa hapa. Savera alirudi na mume wake kwao, vita ikamtoa tena, akafikia kambi ya Mtabila, mwendo wa baiskeli kutoka kwa dada yake. Kwa miaka walikula pamoja sikukuu zote. Halafu Mtabila ikafungwa. Savera alikuwa na paka jike mwekundu, na malori hayakuchukua paka. "Alimleta barabarani," Mama Odeta alisema. "Lori linaunguruma. Nikampa chumvi, nikampokea. Alilia mpaka dereva akazima gari. Watu wakamcheka, mtu mzima analilia akayabu. Mimi sikucheka." Akapepeta ungo. "Kila Jumapili anasema mwaka huu nakuja. Mwaka huu, mwaka huu."

Nilifaulu mtihani. Kazi ikapatikana katika mji mdogo ambao nilijifunza kulitamka jina lake kwa wiki nzima. Mama mmoja wa ofisi ya huko aliniuliza kwenye simu ya video kama nina swali lolote, na mimi, niliyekuwa nimeandaa maswali ya heshima kuhusu zamu na sare, nikasikia mdomo wangu unauliza kama chumba cha wafanyakazi kinaruhusu paka. Akacheka, akauliza wangapi. Nilipomwambia Mama Odeta kwamba wamekubali, aliweka mwiko chini. Soko zima lilijua kabla ya jioni. "Ester, huko Ulaya paka wameisha?" "Na panya utawabeba, au watakula nini?" Kijana wa bodaboda aliyezoea kunipeleka hospitalini alikuwa na ombi lake kila asubuhi: "Dada, mimi sikwaruzi mtu, na nakula chochote. Niingize mimi kwenye hilo boksi." Nilicheka nao, kisha nikarudi chumbani nikawaza kama kweli ni wazimu. Siwezi kusimama katikati ya soko nikasema ninaondoka nisikojua mtu, na hawa wawili ndio viumbe pekee walioonja kuhamishwa pamoja nami.

Masharti nilikuwa nimeyasoma hadi nikayaota. Kila paka awekewe kitambulisho kidogo chini ya ngozi, achanjwe kichaa cha mbwa, akae, atolewe damu, damu ipelekwe maabara ya nje ya nchi, na majibu yakiwa mazuri akae tena miezi kadhaa ndipo aruhusiwe kusafiri. Daktari wa mifugo, Bwana Lema, alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa Kasulu, mpole, aliyezoea ng'ombe. Nilimpelekea paka kwenye tenga la kuku. "Nimechanja mbwa, nimechanja mbuzi, nimemzalisha ng'ombe kwa tochi," alisema, "lakini paka anayekwenda Ulaya ni wa kwanza. Mama, mshike kichwa. Siyo wewe Ester, wewe unatetemeka kuliko paka." Mama Odeta akamshika. Siku ya kutoa damu, Wali alitoa yake kama mtu anayetoa ushahidi. Maharage alipanda kwenye bega la daktari, kutoka hapo kwenye kabati la dawa, na ilibidi tumfuate na dagaa.

Tukaanza kusubiri. Nilinunua boksi la plastiki lenye mlango wa waya kwa msafiri mmoja aliyetoka Dar, kubwa, la kutosha wote wawili, nikalifungua chumbani ili walizoee. Niliwawekea chakula humo. Niliwapigia sauti ya ndege kutoka kwenye simu, kwanza kwa chini, kisha kwa juu, hadi jirani akauliza mashine gani hiyo. Wote wawili waliingia wakalala humo, migongo pamoja, kama kwenye kitenge cha Bibi Generoza. Nilisogeza tarehe ya kuanza kazi mara moja kwa ajili ya ile miezi. Ofisi ya huko ilikubali, kwa maneno mazuri, na kuongeza kwamba kusogeza tena hakutawezekana.

Majibu hayakuja kwa simu. Bwana Lema alikuja mwenyewe na pikipiki, akaizima mbali kidogo, akatembea. Mimi ni muuguzi. Najua maana ya daktari anayekuja mwenyewe. "Mweupe yuko sawa kabisa," alisema. "Huyu mwingine kinga yake haijafika wanapotaka."

"Anaumwa?"

"Haumwi kitu. Mtazame." Maharage alikuwa juu ya gunia, anajilamba tumbo. "Chanjo haikumkamata vizuri, basi. Tunamchanja tena, tunapima tena, tunasubiri tena."

"Mimi sina hiyo miezi, daktari."

Alivua kofia, akaivaa. "Najua."

Siku zilizofuata nilikula nisijue nilichokula. Niligeuza kila upande. Nimchukue Wali, nimwache Maharage: walizaliwa pamoja, hawajawahi kulala mbalimbali. Niwaache wote: nitakwenda peke yangu, na najua nikiwa peke yangu huwa nini. Nibaki: nimwambie nani, na nitasema nimeacha kazi ya Ulaya kwa sababu ya nini? Nilitengeneza majibu ya kumpa kila mtu, hadi yule kijana wa bodaboda. Mwishoni nilichagua kubaki, kwa sababu kubaki ndiko kulikohitaji uamuzi mdogo, nikamwambia Mama Odeta tukiwa jikoni. Aliitikia "Ehe," akaongeza maji kwenye sufuria.

Jumapili, Savera akapiga. Nilikuwa nimelala chali, Wali kifuani, na maneno yakapita juu ya ukuta kama kawaida, kwa lugha yao ambayo ni karibu sawa na yangu.

"Amekataa kwenda. Ego, ndiyo, kwa ajili ya paka... Usicheke, Savera. Wewe unacheka? Wewe uliyezimisha lori?" Akasikiliza. "Simwambii nenda. Simwambii baki. Nimwambie nini mimi? Nikimwambia baki, atabaki, na siku moja atanitazama kama nilimfunga kamba. Nikimwambia nenda..." Nikasikia akisogeza kigoda. "Ninyi wote mnaondoka. Anayebaki na paka ni mimi."

Nilichukua ndoo nikatoka, nikijifanya nakwenda bombani. Alikuwa amekaa barazani, simu mapajani. Hakuinua macho. "Umesikia."

"Nimesikia, mama."

"Nyumba haina dari. Weka hiyo ndoo, kaa tuchambue."

Tulichambua muda mrefu. Yeye ndiye aliyesema, mikono ikiendelea. "Maharage atabaki hapa na mimi. Hata hivyo Kijerumani hajui. Aliyekuwa anasikiliza ni yule mweupe."

"Mama, watateseka. Hawajawahi kutengana."

"Watateseka kidogo. Wewe ukibaki utateseka sana, na utatutesa na sisi. Nakujua. Utakuwa unakaa hapa unahesabu Ulaya." Akaokota jiwe, akanionyesha, akalitupa. "Nenda kazini kwako, Ester."

Asubuhi ya kuondoka aliamka kunichemshia viazi vitamu vya njiani. Basi la Kigoma lilikuwa linaondoka mapema na mimi nilikuwa tayari tangu zamani, nimevaa viatu, nimekaa kitandani. Wali alikuwa kwenye boksi, upande mmoja tu, kana kwamba amemwachia mwenzake nafasi. Maharage alikuwa kwenye magunia. Sikuwa nimeweza kumuaga. Nilichoweza ni kufikiria utaratibu. Nilikuwa nimeufikiria kwa siku kadhaa na ukanipa ahueni: nitafanya alivyofanya Bibi Generoza. Nitampokeza paka kwa haki, nitapokea chumvi, na baada ya hapo Maharage atakuwa na mwenyewe, nami sitakuwa na neno naye tena. Nitaweza kupita bila kushusha macho. Nikamchukua kutoka kwenye gunia, mzito, mwenye usingizi, nikampelekea Mama Odeta jikoni.

"Mama, mpokee. Toa chumvi."

Kopo la chumvi lilikuwa pale pale kando ya mkono wake. Alilitazama. Akampokea Maharage, akamweka begani kama mtoto anayetaka kucheua, na kwa mkono mwingine akalisukuma lile kopo mbali, hadi likagonga ukuta.

"Sitoi."

"Mama, bila chumvi hatakaa. Wewe mwenyewe..."

"Atakaa. Nitamlisha, nitampeleka kwa Lema, akifa nitamzika. Lakini chumvi sitoi. Savera nilimpa chumvi." Sauti yake haikupanda. "Nilimpa pale barabarani, akafunga kwenye khanga, akapanda lori, ikawa imekwisha. Hakuacha kitu chake kwangu. Mtu asiye na kitu chake mahali anarudi kufanya nini?" Akamhamisha Maharage bega la pili. "Huyu si wangu. Ni wako, nimekushikia. Beba viazi vyako, basi litakuacha."

Nililia ndani ya basi hadi Wali naye akaanza, na abiria wa kiti cha mbele akageuka kuuliza nani kati yetu anayeumwa. Sikupata ile ahueni niliyoipanga. Nilivuka mawingu, nikapita viwanja viwili vya ndege ambako maofisa walimwita mwenzao aje asome jina la paka, na wakati wote nilikuwa na deni la kuwaza. Niliwaza Maharage amekula au hajala. Wali alilia wiki nzima kwenye chumba kile kipya chenye dari, akipanda kabatini kutafuta ukuta usiofika juu. Kisha akazoea. Mimi sikuzoea, lakini kila Jumapili nilikuwa na swali la kuuliza, na kwa kuwa nilikuwa na swali nilipiga simu au nilipokea, na baada ya habari za paka zikafuata za bei ya maharage, za goti lake, za mlango unaokwama. Niliporudi kwa likizo ya kwanza nilikuwa nimeapa kwamba ni ya kumfuata Maharage. Bwana Lema alishamchanja tena na damu yake ilikuwa imefika. Nilimkuta amenenepa, analala kwenye gunia lile lile, na Mama Odeta amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. "Unamchukua?" Nikamtazama Maharage, nikamtazama yeye. "Bado," nikasema. Akageuka kwenda jikoni haraka, lakini niliona anacheka. Likizo iliyofuata hakuuliza kwa mdomo, aliinua tu kidevu kuelekea kwenye gunia, na mimi nikasema bado.

Hayo yote nilikuwa nayo Jumatano ile, nimesimama jikoni, uji unashika chini. "Hakuteseka," Mama Odeta aliniambia kwenye simu. "Nilimkuta asubuhi amelala juu ya maharage ya Savera."

"Ya Savera?"

"Sijakwambia? Ameagiza magunia mawili, anataka kuja kuyachukua mwenyewe. Tutaona." Akavuta pumzi. "Nimemzika nyuma ya choo, pale kwenye migomba. Wa bodaboda alinichimbia. Alikuja bila kuitwa, ati alikuwa anamfahamu."

Nilimshukuru. Kisha nikasikia wazo likipanda, lile baya: kwamba sasa sina changu pale. Nadhani alilisikia pia. Amezoea kusikia ninayowaza kupitia juu ya ukuta.

"Ester. Jirani yangu wa upande wa kanisa, paka wake amezaa. Kuna kimoja kina madoadoa. Sura yote ni ya Maharage, hana pa kukana. Nimekwenda kukichukua leo, na safari hii nimebeba chumvi. Kwa hiyo huyu ni wangu, tusigombane."

"Hatugombani, mama. Umemwita nani?"

"Sijamwita. Chumvi nimetoa mimi, jina utatoa wewe."

Nikafungua mdomo, maana nilishakuwa nalo.

"Siyo kwenye simu," akasema, akakata.